Halina Kutu Sana

"Halina kutu sana," alisema Arvid Lahti kwenye simu,
na mimi, mtu wa Handeni, nikajua
neno "sana" ndilo lililobeba shehena yote.

Hibbing, Minnesota. Mwezi wa tatu, theluji imechakaa
pembeni mwa barabara kama godoro lililotupwa.
Hapa walichimba chuma hadi kilima kikawa shimo;
udongo wenyewe una rangi ya kutu,
basi gari kuoza huku si kufa, ni kurudi kwao.

Toyota, mwaka themanini na tano.
Kwetu ningeliita Hailaksi na mtaa mzima ungeitikia.
Mwaka wa mwisho kabla kiwanda hakijaukata mfupa wa mbele
kikaweka viungo laini vya kubembeleza makalio.
Nikalala chini, mgongo kwenye barafu, tochi mdomoni.
Ekseli ile pale: nzima, nene, chafu kwa grisi,
imetoka gurudumu hadi gurudumu bila kuomba ruhusa.
La kushoto likipanda jiwe, la kulia hupata habari
papo hapo, kama wawili tubebao machela wodini:
hakuna anayejikwaa peke yake.

Nikagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi.
Ngo. Ngo. Ngo.
Pfu.
Nikaigeuza ncha. Karibu na springi ya nyuma ikazama
kama kijiti kwenye andazi.
Kikulacho ki nguoni mwako; cha gari ki chasisini,
kimelishwa chumvi ya barabara miaka thelathini na minane.
Arvid akatazama mbali, kwenye banda la kuku lisilo na kuku.
"Hapo," akasema, "sikupajua."
Alipajua. Nami nilijua kwamba alipajua.
Tukateremka toka elfu nne na nusu hadi tatu na mia moja,
vikombe viwili vya kahawa, kila mia ikitoka kama gego.

Mwanahawa aliliona likiingia uani kwa moshi wake.
"Na lile zima," akauliza, "linakuja lini?"

Nilichomelea bamba la milimita tano.
Springi mpya, zikaliinua inchi mbili, si tatu:
inchi ya tatu ni ya kujionyesha, na deni lake hulipwa na shafti.
Oili ya difu ilitoka na rangi ya chai ya maziwa,
ndipo nikajua maji yalikwisha kuhamia humo na familia yao.
Sili, beringi, bushi, breki.
Mkono wa stelingi nikaupandisha juu, mbali na mawe.
Kabureta nikaiacha. Asubuhi inakohoa, nami nakohoa,
tunasubiriana.
Idrisa, miaka kumi na mmoja, ndiye mshika taa,
alimulika kila kitu duniani isipokuwa nati.

Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa mkate, daftari.
Kila oili tangu siku ya kwanza, na maili zake.
*Plagi nne. Binti amezaliwa.*
*Klachi. Mgodi umefunga, nimefanya mwenyewe.*
Kisha mwandiko unaanza kutetemeka,
tarakimu zinatoka nje ya mistari kama ng'ombe wasio na mchungaji,
halafu ghafla unasimama wima, mwandiko wa mtu mwingine:
*Oili. Arvid yuko kitini, ananifokea. Elna.*
Mara tisa, Elna.
Halafu kurasa tupu.

Nikampigia nimrudishie.
Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika.
"Daftari ni la gari," akasema. "Hukununua gari?"

Usiku ule, mikono bado inanuka grisi,
nikaandika chini ya Elna, kwa Kiswahili, asome atakayesoma:

*Mei 9. Maili 214,306.
Springi, sili, bamba upande wa kushoto.
Bado linavuta kulia kidogo.*